Mazoezi ya Usiku wa Kuamkia Jumanne

Leo mimi ndiye meneja, baba. Kaa pale,
upande wa jiko, wala usinitazame kama mwanao.
Nimevaa miwani ya marehemu mama
ili uniogope kidogo.
Nje, Daugavpils imezama kwenye theluji hadi vizingitini,
na tramu ya mwisho inapita ikikwaruza reli
kana kwamba wamekwisha kukuajiri.

"Bwana Donats, hebu jieleze kwa ufupi."

Ukaanza na mwaka uliozaliwa,
ng'ombe wa bibi, shule iliyoungua.
Nikagonga meza kwa kijiko.
Baba, hatusomi wasifu wa marehemu hapa.
Sema: mimi ni fundi wa vioo, miaka thelathini na mmoja,
na tanuri nililolilinda halikuzimika
hata usiku mmoja kwa uzembe wangu.
Kisha nyamaza.
Waache wao ndio wahangaike na kimya.

"Mbona uliacha kazi ya zamani?"

Shingo ikakuiva. Ukamtaja mkurugenzi
kwa jina, kisha kwa tusi la Kilatgale
ambalo mama alilipiga marufuku humu ndani.
Haki unayo. Lakini mbele ya mgeni
chungu hakifunuliwi kikiwa bado kinatokota.
Sema kiwanda kilifungwa. Sema ulitoka wa mwisho
na ukazima taa.
"Sikuzima," ukasema. "Niliziacha zikiwaka.
Bili walipe wenyewe."
Tulicheka mpaka paka akahama dirisha.

"Udhaifu wako ni upi?"

Kitabu nilichoazima maktaba kinashauri
mtu akiri kwamba anapenda kazi kupita kiasi.
Usithubutu. Watakuwa wameisikia mara nne
kabla ya chai ya saa nne.
Ukaigeuza mikono yako mezani, juu, chini,
kama anayetafuta bei.
"Sikio la kushoto halisikii," ukasema.
"Tanuri lililichukua. Kwa hiyo
husimama kushoto kwa mtu, anisemeshe huku kuzima,
na agizo kubwa naliandika."

Sikuwa na la kusahihisha.
Nikainamia daftari la meneja, nikachora mistari.
Tangu utoto wangu umetembea kushoto kwangu,
nami nikidhani unanikinga na magari.

"Miaka mitano ijayo unajiona wapi?"

Una miaka hamsini na tisa. Swali hili
lilitungwa na mtu ambaye magoti hayajamuuma.
"Makaburini kwa Tekla, nikipalilia."
Baba.
"Basi, nikimfundisha kijana
kuosha tramu bila kuchubua rangi."
Hilo. Hilo hilo, na usiongeze neno.

Ilipofika saa sita nikauliza la mwisho:
"Je, una swali lolote kwetu?"
"Sina."
La, baba, asiye na swali ameshatoka chumbani,
kilichobaki ni koti lake.
Ukapiga mwayo. Ukasema meneja naye
aende kulala.

Asubuhi ulivaa suti ya mazishi,
viatu vikavu ndani ya mfuko wa plastiki,
ukaondoka na mabuti yako ya theluji.
Ulirudi mchana, ukala supu ya kiazisukari chekundu
bila kunena. Nami kwa mara ya kwanza
nikajua kimya kinavyomhangaisha anayesaili.

"Niliwauliza," ukasema hatimaye.
Nini?
"Aliyeifanya kazi hii kabla yangu ni nani,
na mbona hayupo."
Wakajibuje?
"Walitazamana. Yule mama wa pembeni akasema
ni Osips, amestaafu, na kila Ijumaa
bado huja kunywa chai nao."
Ukapuliza kijiko. "Pahali pazuri.
Nitawafikiria."

Leo ni Alhamisi. Hawajapiga.
Simu tumeiweka kwenye stuli
upande wa kulia wa kitanda chako.